Paji la Uso, na Amana Iliyo Nyuma Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu, Akamsawazisha, Akampa kusikia, kuona na akili. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani, akina baba na akina mama, na nyinyi wanafunzi wetu: tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tutasema juu ya mfupa mmoja. Huenda msikilizaji akastaajabu, kwani si desturi ya mimbari kusomesha habari za viungo. Lakini mfupa huu ndio tunaouweka chini mara 34 kila siku katika sala za faradhi peke yake, na mara 30 siku ya Ijumaa kwa mwenye kuisali Ijumaa. Hakuna kiungo tunachokitukuza kwa kukidhalilisha kama paji la uso. Na pamoja na hayo, tulio wengi hatujui habari zake ila kwamba ni gumu. Na kwa kudhani kwamba ni gumu tu, vijana wetu wanalibeba barabarani juu ya pikipiki likiwa wazi, kana kwamba limetengenezwa kwa chuma.

Basi na tulijue kwanza. Weka kiganja chako juu ya paji lako. Hapo ulipogusa pana mfupa mmoja mpana, uliopinda mfano wa kipande cha kifuu cha nazi. Kwa juu unapanda mpaka karibu na utosi. Kwa chini unashuka hata kwenye nyusi, kisha, na hili wengi hawalijui, unakunja kuingia ndani na kuwa dari ya matundu mawili ya macho. Umepakana na mifupa mingine 12, ya kichwa na ya uso. Pitisha ncha ya kidole juu ya ukingo wa tundu la jicho, chini ya unyusi, upande ulio karibu na pua: utakuta kipengo kidogo, na ukikibonyeza utahisi uchungu. Hapo ndipo unapotoka mshipa wa fahamu unaolifanya paji lihisi. Baridi ya sakafu ya msikiti unayoisikia unaposujudu hupita katika mshipa huo.

Mfupa wenyewe si pande moja la jiwe. Una mabamba mawili magumu, la nje na la ndani, na baina yake upo mfupa mwororo wenye vishimo vishimo mfano wa sifongo, wenye uboho na damu. Kwa mpango huo umepata nguvu bila ya kuwa mzito. Juu kidogo ya nyusi, mabamba hayo yanaachana, na baina yake panabaki vyumba vya hewa, kimoja kulia na kimoja kushoto, na ni nadra vikawa sawa kwa ukubwa. Mtoto hazaliwi navyo. Huchimbika kidogo kidogo utotoni, na hukamilika baada ya balehe. Vina njia ya kushukia puani. Njia hiyo ikizibwa na mafua makali, vyumba hujaa, na mtu hupata maumivu ya paji yanayozidi kila anapoinama.

Na tazameni ajabu hii: mfupa huu huu ulio mnene mbele, ukifika kwenye dari ya jicho huwa mwembamba hata fuvu likiinuliwa kwenye mwanga, nuru hupenya. Juu ya dari hiyo nyembamba ndipo unapokaa ubongo wa mbele. Sehemu yake ya chini hailali juu ya mahali laini; inalala juu ya mfupa wenye matuta na mikwaruzo. Neno hili mlishike, tutalihitaji.

Mtoto huzaliwa na mfupa huu ukiwa vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, na baina yao mshono unaoshuka kutoka utosini mpaka juu ya pua. Pale vipande viwili hivyo vinapokutana na mifupa miwili ya pande za kichwa, ndipo penye utosi ule mlaini unaodundadunda, ambao kila mama anaujua. Mwenyezi Mungu Ameiacha mifupa hiyo bila kuungana ili wakati wa kuzaliwa ikaribiane, hata kupandana kidogo, kichwa kipate kupita. Kisha ili ubongo unaokua upate nafasi. Kwa watoto walio wengi utosi hufungika katika mwaka wa pili. Mshono wa paji kwa kawaida hutangulia kufungika. Wapo watu wachache ambao mshono huo hubaki nao maisha yao yote, wala hauwadhuru; isipokuwa siku wakipigwa picha ya kichwa, tabibu asiye mwangalifu anaweza kudhani kwamba ni ufa.

Hapa tuna neno kwa akina mama na mabibi. Utosi wa mtoto anayeharisha au kutapika ukibonyea ndani, hilo si jambo la kupakwa dawa utosini, wala la kuzinguliwa mpaka jioni. Ni dalili kwamba maji yamempungukia mwilini. Mpeni maji yenye chumvi na sukari ya kipimo yanayotolewa zahanati, asiachishwe kunyonya, na apelekwe hospitali siku ile ile. Na utosi ukivimba, naye ana homa, basi ni saa ile ile. Tumeona watoto wakicheleweshwa kwa sababu watu wazima walikuwa wakibishana ni jicho la nani.

Maulamaa wetu wa zamani hawakuona kwamba elimu hii ni ya watu wengine. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba aliieleza mishono ya kichwa mmoja mmoja, na ule unaoutenga mfupa wa paji na mifupa ya nyuma yake ukaitwa iklili, yaani wa taji, kwa kuwa upo pale taji linapokaa. Na mwingine, Abdul-Latif al-Baghdadi, alikuwako Misri wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1200 mpaka 1202, watu walipokufa kwa maelfu na mifupa yao ikabaki chunguchungu juu ya ardhi. Vitabu vya tiba vya siku zile, kwa kumfuata tabibu wa Kiyunani Galen, vilisema kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Abdul-Latif alikwenda kutazama. Yeye na wenzake walikagua mafuvu zaidi ya 2,000, na kila taya wakalikuta ni mfupa mmoja. Alimheshimu sana Galen, lakini akaandika kwamba ushahidi wa macho unastahiki kufuatwa kuliko maneno yake. Tumeitaja habari hii si kwa sababu ya taya, bali kwa sababu ya adabu yake: mtu asiseme juu ya alichokiumba Mungu ila baada ya kutazama.

Adabu hiyo inahitajiwa sana leo, katika jambo lihusulo paji lenyewe. Wanafunzi wetu wametuletea mara nyingi maneno yaliyokuwa yakizunguka katika vijitabu, na sasa yanazunguka katika simu, kwamba wataalamu wamegundua kuwa nyuma ya mfupa wa paji ndiko kunakotungwa uongo, na kwamba hii ndiyo maana ya kutajwa katika Sura ya Al-Alaq ile nywele ya utosi yenye uongo na makosa. Wanatuuliza: Je, hii si hoja ya kuwanyamazisha wanaokanusha?

Tunasema: wanafunzi wetu, punguzeni mwendo. Aya zile zilishuka kwa sababu ya Abu Jahl, aliyemkataza Bwana Mtume (S.A.W.) kusali penye Al-Kaaba. Neno nasiya katika lugha ya Waarabu ni nywele za mbele ya kichwa, na mahali zinapoota. Kumshika mtu nasiya yake ni kumtawala na kumdhalilisha, na ndiyo maana katika Sura ya Hud imetajwa kwamba hakuna kiumbe ila Mwenyezi Mungu Ameishika nasiya yake, na viumbe hao ni pamoja na wanyama, ambao hatuwaiti waongo. Wafasiri wametuambia tangu zamani kwamba sifa ya uongo hapa ni ya mwenye nasiya, si ya nywele wala ya mfupa. Ni majazi inayojulikana na kila aliyesoma balagha.

Na upande wa elimu ya ubongo, ni kweli kwamba sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji, ina kazi kubwa katika kupanga mambo, kujizuia, kupima matokeo na kushika neno akilini. Mwenye kusema uongo huitumia. Lakini huitumia pia mwenye kupiga hesabu ngumu, na mwenye kusema kweli yenye gharama, na mwenye kuizuia hasira yake. Hakuna pahala pamoja katika kichwa panapoitwa nyumba ya uongo. Anayesema kwamba lipo, ameongeza chumvi.

Lakini kosa lililo kubwa zaidi si la tiba. Lau uongo ungekuwa ni tendo la pande la nyama, basi Abu Jahl angekuwa na udhuru mbele ya Mola wake. Angesema: si mimi, ni nyama hii. Aya haikuteremka kumpa udhuru, imeteremka kumhesabu. Inamsemesha mtu mzima mwenye akili, ajuaye na akataaye. Na Qur'ani haihitaji kushikizwa kwa msumari wa habari ya juzi ambayo kesho wenyewe wataalamu wataibadilisha. Siku watakapoibadilisha, kijana aliyejengewa imani yake juu yake ataanguka nayo, na sisi tuliomfundisha tutaulizwa.

Kwa hiyo tuliache dai hilo, tulitazame lililo kweli, maana lina uzito zaidi kwetu.

Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa reli. Alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba kwa nondo ya chuma. Baruti ikalipuka. Nondo ile, yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi, ilimwingia shavu la kushoto, ikapita nyuma ya jicho, ikatoboa ubongo wa mbele na kutokea juu kwa kulivunja paji karibu na utosi. Hakufa. Alisema maneno muda mfupi baadaye. Tabibu John Harlow alimtibu, na baada ya wiki kadhaa akainuka. Aliishi mpaka mwaka 1860, na fuvu lake na nondo yake vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Lakini Harlow aliandika kwamba yule mtu mwangalifu, mwenye busara katika kazi zake, hakurudi kama alivyokuwa. Akawa mwepesi wa matusi, hana subira, anapanga jambo na kuliacha kabla ya kulianza. Waajiri wake hawakumrudishia kazi yake. Na rafiki zake wakaona kwamba huyu si yule waliyemjua. Mikono yake ilikuwa mizima, ulimi wake mzima, kumbukumbu yake nzima. Lililojeruhiwa ni lile lijamu linalomzuia mtu. Na lazima tuseme pia sehemu ya habari ambayo wasimulizi huiacha: baadaye Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka mpangilio na ratiba ya kila siku. Wapo wachunguzi wa siku hizi wanaoona kwamba mazoea hayo yalimrudishia sehemu ya utu wake.

Kwa nini tumekwenda mbali hivyo, mpaka Marekani ya karne ya kumi na tisa? Kwa sababu Gage yupo katika mitaa yetu. Mama mmoja alitujia akitaka tumsomee mwanawe. Alisema kijana alikuwa mpole, imamu wa wenzake madrasani, akaanguka pikipiki, akalala hospitali siku tisa, akarudi na kovu juu ya unyusi. Watu wakamshukuru Mungu kwamba amepona. Tangu hapo anamtukana mama yake mbele ya wageni, anacheka mazikoni, pesa hazikai mkononi mwake, na asubuhi analia kwa ajili ya aliyoyasema usiku. Mtaa umekwisha kuhukumu: wengine wanasema amepandwa na jini, wengine wanasema huyu alikuwa mnafiki tangu zamani, sasa ndiyo amejifunua. Baba yake alikuwa amekwisha mwambia atoke nyumbani.

Tulimsomea, kwani kisomo ni dua. Kisha tukamwambia mama yule amrudishe kwa matabibu wa ubongo, na tukamwita baba tukakaa naye. Tulimweleza lile tulilokuombeni mlishike: kichwa kinapokuja kwa kasi na kusimamishwa ghafla na lami, mfupa husimama, lakini ubongo uliomo ndani huendelea na safari yake. Sehemu ya mbele hukwaruzwa na ile sakafu ya mfupa yenye matuta. Paji laweza lisivunjike kabisa, na jeraha likabaki la ngozi na nyuzi nne tu, na bado mtu akawa amepotewa na lijamu yake. Aliyevunjika mguu tunamletea kiti asali amekaa. Aliyejeruhiwa mahali hapa tunamletea lawama.

Fikihi yetu haikuwa na ujinga huu. Wanafunzi waliosoma mlango wa majeraha wanayajua majina ya majeraha ya kichwa: la kufichua mfupa, fidia yake ngamia 5, la kuuvunja mfupa, ngamia 10, la kuuhamisha mfupa pahala pake, 15, na linalofika kwenye ngozi ya ubongo, thuluthi ya diya. Wanafikihi walihesabu mfupa tabaka kwa tabaka. Lakini angalieni walivyosema juu ya akili: mwenye kumpiga mtu akampotezea akili yake, ni diya kamili, ngamia 100, hata kama mfupa haukupasuka. Na imepokewa kwamba Sayyidna Omar bin Khattab (R.A.) alihukumu diya nne kwa mtu mmoja aliyepigwa jiwe kichwani, akapotewa na mambo manne, mojawapo akili yake, naye angali hai. Basi walijua kwamba thamani haiko kwenye mfupa. Iko kwenye amana inayolindwa na mfupa.

Na katika hukumu ya dhambi, kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Hatusemi kwamba kila aliyeumia kichwa kalamu imemwondokea. Wengi wao wanabaki na akili ya kutosha kujua halali na haramu, na huyu kijana alikuwa akilia, na kulia kwake ni dalili kwamba anajua. Baina ya mzima na mwendawazimu pana daraja nyingi, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye kila mja yuko wapi. Sisi tulio nje hatukupewa kalamu hiyo. Tulichopewa ni kumsaidia: kumpangia siku yake, kumtolea maneno mafupi, kutomjibu matusi kwa matusi, kutomkabidhi fedha nyingi, na kuwa na subira ya miezi na miaka, kwani ubongo hupona polepole na wakati mwingine haupoi wote. Baba yule alisikiliza. Hakusema neno, lakini kijana hajatolewa nyumbani.

Ndugu Waislamu, hilo ni la baada ya kuanguka. Sasa tuseme la kabla yake.

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno ajali lina pande mbili: ni msiba wa barabarani, na ni muda wa mtu uliokadiriwa. Vijana wa pikipiki wameuchanganya upande mmoja na wa pili. Ukimwuliza kwa nini kofia yake ngumu, yaani helmeti, imetundikwa kwenye usukani na haiko kichwani, atakujibu: Sheikh, ajali ya mtu imeandikwa pajini, siku yangu ikifika, kofia itaifuta? Naye anadhani kwamba amesema neno la imani.

Hakuna andiko juu ya mfupa wa paji. Tumekwisha kueleza kilichoko: mabamba mawili, sifongo baina yake, na vyumba vya hewa. Kadari ni elimu ya Mwenyezi Mungu, na katika kadari Yake zimo sababu pia. Yule bedui aliyemwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, alielekezwa amfunge kisha ategemee.

Na kama bedui hakutoshi, nendeni Uhud. Mwaka wa tatu wa Hijra, sawa na mwaka 625, Bwana Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda vitani amevaa deraya juu ya deraya, na kichwani kofia ya chuma. Siku hiyo alipigwa mpaka kofia ile ikavunjika juu ya kichwa chake, uso wake ukajeruhiwa, na jino lake likavunjika. Bibi Fatima (R.A.) aliiosha damu, Sayyidna Ali (R.A.) akimimina maji, na damu ilipokataa kukoma, alichoma kipande cha mkeka akaweka jivu lake juu ya jeraha. Miaka mitano baadaye, siku ya kuingia Makka, nayo siku ya ushindi, alikuwa amevaa kofia ya chuma vile vile. Sasa atuambie kijana wetu: ni nani aliyemtegemea Mungu zaidi, yeye, au yule aliyevaa chuma siku ya Uhud? Na ni nani aliyeijua kadari vizuri zaidi?

Tunawasemea wenye pikipiki na wenye kupanda. Kofia nzuri ina gamba gumu la nje, linaloutawanya mshindo usikae pahala pamoja, na ndani ina povu gumu linalobonyea ili kichwa kisimame polepole badala ya ghafla. Mtaona ni mfano wa mfupa wenyewe: ugumu nje, sifongo ndani. Isiyofungwa mkanda huruka kabla ya kichwa kufika chini, basi ni pambo. Kofia ya mafundi wa ujenzi si kofia ya pikipiki. Na iliyokwisha pigwa mshindo mkubwa mmoja imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hizi hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Baadhi ya dada zetu wametuuliza juu ya kofia ya abiria, ambayo imekwisha valiwa na watu wengi na ina jasho lao. Jasho la mwanadamu ni tohara. Lisilopendeza si najisi. Avae mtandio mwembamba uliokaza, kisha kofia juu yake. Na mzazi anayempakia mtoto mbele ya tangi la mafuta, kichwa wazi, ili awahi madrasa, tunamwomba amcheleweshe. Sisi walimu tutampokea akichelewa.

Yamebaki masuala ya sijda, nayo tutayapitia kwa haraka. Bwana Mtume (S.A.W.) ameamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba, wa kwanza ukiwa paji, na alipolitaja aliashiria pua yake, kisha mikono miwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Katika madhehebu ya Imam Shafi, iliyo ya watu wengi wa pwani yetu, yatosha sehemu ya paji iguse chini ikiwa wazi, na kuweka pua ni sunna. Mwenye jeraha la paji lililofungwa kitambaa, na kukifungua kunamdhuru, atasujudu juu ya kitambaa, na sala yake ni sahihi wala hairudii. Mwenye maumivu ya zile nafasi za hewa, akiinama paji linampasuka, ajitibu; na muda akiwa hawezi, atainama kadiri awezavyo na kuashiria, sijda yake iwe chini zaidi kuliko rukuu yake. Tabibu akimkataza kuinamisha kichwa baada ya kupasuliwa, hukumu ni hiyo hiyo.

Na lile doa jeusi la paji ni ngozi tu iliyokuwa nene kwa kusuguana. Halifiki kwenye mfupa. Athari ya kusujudu iliyotajwa katika Sura ya Al-Fat-h imefasiriwa na Mujahid kuwa ni unyenyekevu. Wapo vijana wanaosugua paji juu ya mkeka ili lionekane. Hao hatuna la kuwaambia ila wapumzishe ngozi yao.

Na aliyeumia kichwa, akawa hakumbuki amesali rakaa ngapi, atajenga juu ya idadi iliyo ndogo, aliyo na yakini nayo, kisha asujudu sijda ya kusahau. Ikiwa kusahau kwake kunazidi, hapana ubaya ndugu yake akae ubavuni mwake na kumkumbusha: sasa rukuu, sasa sijda.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Atughufirie sisi na nyinyi, na Awape wagonjwa wetu afya.